Risasi ya maabara isifike chemchemini

Nafundisha kemia katika shule ya upili huku Manga, kaunti ya Nyamira. Katika kabati la maabara hakuna chumvi ninayoipenda kama nitrati ya risasi, wala hakuna ninayoifungia kufuli kwa makini kama hiyo.

Mwanafunzi akitia matone ya iodidi ya potasiamu kwenye mmumunyo wake, mashapo ya manjano hutokea papo hapo. Ukiyachemsha katika maji mengi hupotea. Maji yakipoa polepole, vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu huanza kushuka viking'aa. Darasa zima hunyamaza. Hapo huwaeleza kwamba misombo ya metali nzito haikuishia kwenye neli ya majaribio: povu la godoro wanalolalia bwenini kwa kawaida huumuliwa kwa kichocheo cha bati, na plastiki ya chupa nyingi za soda huundwa kwa kichocheo cha antimoni. Risasi yenyewe ilitiwa katika petroli yetu hadi nchi za kusini mwa Sahara zilipoiacha, kufikia mwanzo wa 2006.

Baada ya somo, yale ya kwenye neli yanakwenda wapi? Yakimwagwa kwenye sinki yataishia shimoni au mtaroni, na chini ya mwamba wa Manga watu wanateka maji ya chemchemi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama mwaka 2020. Uamuzi ukatenguliwa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Fidia haiitoi risasi mifupani.

Risasi ya neli mimi huikamata kwa magadi kabla haijafika kwenye sinki. Risasi huganda ikawa kabonati nyeupe na kutuama. Hidroksidi ya sodiamu haifai kwa kazi hii, na kila mtahiniwa anajua sababu: ikizidi, mashapo huyeyuka tena. Mashapo ya kabonati msiyakaushe, maana vumbi lake ni sumu. Yafungieni yakiwa na unyevu hadi yachukuliwe na mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Walimu wenzangu, kabla ya mtihani wa vitendo, wekeni mtungi wenye kifuniko kando ya kila sinki, ulioandikwa RISASI kwa herufi kubwa.