Alama ya Mto Songwe

Nilimnyima mtoto alama kwa jibu lililokuwa sahihi. Jambo hili nimelinyamazia muda mrefu, na leo naliungama.

Nafundisha jiografia hapa Ndandalo, Kyela. Kwetu ukitaja Songwe, kila mtu anajua unausema mto wa mpaka: unashuka upande wa Ileje, unapita chini ya daraja la Kasumulu, Malawi iko ng'ambo, kisha unaingia Ziwa Nyasa. Mafuriko yakizidi huhama mkondo, na mkulima akaamka shamba lake la mpunga liko ng'ambo. Ndiyo maana nchi hizi mbili zikaunda kamisheni ya pamoja ya bonde lake. Niliamini hakuna Songwe mwingine.

Katika mtihani niliuliza Mto Songwe unamwaga maji yake wapi. Mwanafunzi mmoja mgeni akaandika "Ziwa Rukwa". Nikaweka kosa kwa wino mwekundu. Akanifuata mezani: "Mwalimu, mimi nimeuona. Baba alikuwa anachoma chokaa kulekule." Nikamwambia akaangalie ramani. Wenzake wakacheka, nami nikawaacha wacheke.

Asiyeiangalia ramani ni mimi. Baadaye nilijiuliza kwa nini Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, uko jirani na jiji la Mbeya, mbali na mto wetu. Ndipo nikauona Songwe wa pili, unaopita magharibi ya jiji hilo na kuelekea Rukwa. Maji ya mto wetu hutoka Nyasa kwa mto Shire, yakaingia Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Ya ule mwingine hayafiki bahari yoyote, maana Rukwa haina pa kutokea. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016, unaigusa mito yote miwili, ilhali sisi wa Kyela, tulio kwenye mdomo wa mmoja wao, tumebaki Mkoa wa Mbeya.

Kutojua ningeweza kujisamehe. Kinachoniuma ni kwamba nilipojua, mtoto bado alikuwa darasani kwangu. Niliogopa kushuka heshima, nikarekebisha andalio la somo kimyakimya. Hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu, hadi familia yake ilipohama.

Kijana, kama haya yanakufikia: ulikuwa sahihi, nisamehe. Wanafunzi nilionao sasa nimewaeleza yote, pamoja na jina la mwalimu aliyekosea. Wale waliokucheka wameshamaliza shule, na sikuwahi kuwaambia.