Kwa Wapwa Zangu wa Kinole

Wapwa zangu,

Habari za mashamba mnazijua: kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na mipaka wataisema wazee watakaobaki. Mimi nawaachia habari za mkono wangu wa kushoto, maana wengi wenu mnapanda mikarafuu, na walioikimbia mikarafuu wanaendesha bodaboda, na kote huko watu huanguka.

Nilipodondoka nilitanguliza kiganja. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, nikaambiwa ni mteguko. Kumbe chini ya kidole gumba kuna kijifupa mfano wa korosho, damu kinapata kwa shida. Kikipasuka, ufa waweza kujificha hadi wiki 2, na kisipotulizwa ndani ya hogo huenda kisiunge kabisa. Changu hakikuunga. Miaka ikapita, kifundo kizima kikalika, usingizi ukanihama.

Kifundo bandia kipo, lakini hakimfai mtu wa jembe na panga, hulegea. Basi madaktari wakachota mfupa nyongani, wakakaza bamba la chuma kwa skrubu toka mkononi hadi kiganjani, kifundo kimeinuliwa kidogo ili ngumi ishike. Mifupa ikawa mfupa mmoja. Hapo hapakunjiki tena, na atakayewaambia dawa ya kuchua itarudisha mkunjo anataka hela zenu tu. Mazoezi ni ya vidole, tena yaanze hogo likiwa bado mkononi, la sivyo navyo hukakamaa.

Maumivu yale yaliisha. Kiganja nakigeuza juu na chini kama zamani, kwa kuwa mgeuko huo hautoki kifundoni. Nguvu ya kushika haikurudi yote, na jioni bega hulalamika. Kwenye sijda naweka ngumi. Kuinuka mkekani, ngumi. Kuchamba nilijifunza upya ukubwani. Daktari hakunitajia hilo, labda aliona haya. Mimi sioni, muulizeni kabla hamjatia saini ya upasuaji. Baadaye chuma kikawa kinasugua kano za vidole, kikatolewa, mfupa ukabaki imara.

Kwa hiyo akianguka mtu, kifundo kikauma upande wa kidole gumba, picha isipoonyesha kitu afungwe hogo hivyo hivyo, arudi baada ya wiki 2 apigwe nyingine. Ikishindikana Morogoro mjini, ombeni rufaa ya taasisi ya mifupa, MOI, Muhimbili. Nauli itoke kwenye karafuu za shamba la juu, kabla hazijagawanywa.

Mjomba wenu