Wazee wa Guangzhou Walivyonifundisha Kupumua!

Msomaji wangu, kama hujawahi kukesha ugenini na mzigo mbovu chumbani, mshukuru Mungu wako. Mimi yalinikuta Oktoba 2018, mjini Guangzhou, kusini mwa China, kule wanakokwenda wafanyabiashara wetu wa Kariakoo.

Nilifikia Xiaobei, mtaa ambao ukipita unasikia Kiswahili, Kifaransa na Kilingala utadhani uko stendi. Niliagiza jozi 400 za raba, namba 39 hadi 43. Kufungua maboksi, lahaula! Namba 45 na 46 tupu. Jamani, Kariakoo nitamuuzia nani, majitu? Na nusu ya fedha zile hazikuwa zangu. Alizikopa mama kwenye kikoba chao, na siku ya marejesho ilikuwa inasogea.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Moyo unadunda kama mdundiko, kifua kimebana, jasho linanitoka na kiyoyozi kinanguruma. Kichwani nimeshapanga: kukikucha naenda dukani kwa yule muuzaji, ama anirudishie changu, ama pachimbike.

Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka kutembea, nikatokea bustani ya Yuexiu, ambayo haiko mbali na Xiaobei. Ni bustani kubwa yenye vilima, maziwa na miti mikubwa, na kuingia ni bure. Ndimo lilimo sanamu la mbuzi watano, alama ya jiji lile, pamoja na mnara wa Zhenhai wa ghorofa tano uliojengwa mwaka 1380. Nikadhani nitakuwa peke yangu. Thubutu! Wazee walikuwa wamejaa tele. Hapa mabibi wanacheza na vipepeo vya mkono, pale mababu wanapigiana danadana kidude chenye manyoya. Chini ya mti mmoja watu kama 20 walikuwa kwenye taijiquan, ile ambayo wengi wetu tunaiita tai chi. Wanakwenda taratibu, kama video iliyopunguzwa spidi.

Nikacheka kimoyomoyo. Sisi tuliokulia kwenye mikanda ya Bruce Lee tunajua mateke. Hii ya kupapasa hewa ni kitu gani tena? Nikasimama nyuma yao nikaiga, kuua muda tu. Weee! Dakika mbili mapaja yanawaka moto. Magoti unayakunja kidogo, uzito unauhamisha toka mguu huu kwenda ule polepole, hakuna kutupa mguu kama gunia.

Bibi mmoja akanisogelea, akanigonga mabega kwa vidole. Kumbe yalikuwa yamepanda karibu yaguse masikio, mwenyewe sina habari! Akasema, "Song." Nikabaki nimetoa macho. Bahati nzuri kulikuwa na dogo mmoja wa Kibongo, mwanafunzi, akifanya mazoezi pale pale.

"Shikamoo kaka," akasema. "Bibi anakwambia legea. Si kulegea kama mlenda. Achia kile unachokikaza bure."

Bibi akaweka kiganja tumboni kwake, akavuta pumzi, tumbo likatoka mbele. Akaishusha kwa puani, ndefu, haina haraka. Nami nikafuata. Mara ya kwanza pumzi ilikatika njiani kama umeme wa mgao. Mara ya kumi hivi nikasikia kifua kinafunguka.

Baadaye nilidadisi. Taijiquan ilianza kama mbinu ya kupigana, na wengi huitaja asili yake kuwa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, karne ya 17. Mwaka 1956 Serikali ya China ikaandaa mtindo mfupi wa hatua 24 ili hata mtu wa kawaida aweze kujifunza. Mwaka 2020 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa dunia usioshikika. Na suala la pumzi si uchawi: ukivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza. Ndiyo maana ukiitoa taratibu kuliko ulivyoivuta, mwili unaanza kutulia.

Saa nne nikaenda dukani. Hasira nilikuwa nayo bado, tena nyingi, usidanganyike. Lakini mikono haikutetemeka. Nikatoa karatasi ya oda, nikamwonyesha yule bwana mstari kwa mstari. Tukabishana saa mbili nzima. Mwishowe akanibadilishia jozi 250. Zile 150 nikaziuza huko huko kwa bei ya kutupa. Faida yangu ikayeyuka, lakini deni la mama lililipika. Ningekwenda na ngumi, ningelala rumande na mzigo ningeuacha.

Asubuhi nne zilizobaki nilirudi kwa wazee wangu.

Wewe wa Dar huna haja ya tiketi ya ndege. Nenda Coco Beach mapema, au simama hapo hapo uani. Tanua miguu usawa wa mabega, kunja magoti kidogo. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne huku mikono ikipanda hadi mabegani. Itoe ukihesabu hadi sita huku mikono ikishuka. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida. Na kifua kikiuma kweli kweli, kimbilia hospitali, usije ukasema gazeti ndilo lililokwambia upumue tu!

Mama naye nimemfundisha. Kila alfajiri husimama uani kabla ya kuwasha jiko, mikono inapanda, mikono inashuka. Jirani alimchungulia siku moja akauliza, "Mama, unafukuza nzi?"

Mama hakumjibu mpaka alipomaliza kutoa pumzi yake.