Udongo wa Nyumbani Katika Picha

Mama alipohamia kwetu Nairobi baada ya baba kufariki, nilitaka kumchorea milima ya Iveti, aione kila asubuhi. Mimi si msanii. Huchora Jumapili tu, baada ya ibada.

Nilianza kwa chaki za pasteli juu ya karatasi ya kawaida. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo mno. Karatasi laini haikuushika, rangi ikapukutika. Mama alitazama, akauliza, "Mwanangu, haya ni mawingu?"

Mara ya pili nilitumia msasa wa seremala. Uso wake wa kukwaruza ukaunasa unga. Kisha nikachekecha udongo mwekundu niliotoka nao Machakos, nikauchanganya na gundi nyeupe, nikaupaka kwa kidole mahali pa matuta ya shamba. Ulipokauka, nikapitisha pasteli ya kijani juu yake.

Mama alinyosha mkono, akaligusa tuta moja. "Hili tulilichimba mimi na baba yako," akasema. Tangu aje kwetu, hakuwa amemtaja.

Pasteli hufutika upesi. Alama ya kidole chake ingali pale, nami siirekebishi.