Saa za Maduka katika Nchi ya Wadachi

Mtu atokaye Kenya afikapo Munich, mji mkuu wa jimbo la Bavaria huko kusini ya Ujerumani, huwa amekwisha kuonywa habari za baridi na habari za lugha. Amenunua koti zito, naye amejifunza maneno ya kuamkiana. Lakini ni nadra kukuta mtu aliyeonywa habari za maduka, na hilo ndilo humtaabisha kwanza, tena katika siku mbili tatu za mwanzo, akiwa hajamjua hata jirani wa kumwomba chumvi.

Msomaji na amfikirie kijana wa Karatina ashukaye katika gari la moshi siku ya Jumamosi jioni. Kwao, mtu huenda kibandani kununua robo ya sukari, mshumaa mmoja, na majani ya chai ya kutosha birika moja, na mwenye kibanda huamka akigongewa hata saa 4 usiku. Basi kijana huyu huweka mzigo wake chumbani, akaoga, akajinyosha kidogo kitandani, akisema moyoni kwamba chakula atanunua baadaye. Atokapo nje ni saa 2 na dakika 5 usiku. Taa za duka zinawaka na watu wanaonekana ndani wakipiga deki, walakini mlango haufunguki, na kugonga hakufai kitu. Aliyekwisha kuwa ndani saa ya kufunga huhudumiwa. Aliye nje hurudi alikotoka. Kijana hujifariji kuwa kesho si mbali. Na kesho ni Jumapili.

Jumapili katika Bavaria maduka hayafunguliwi. Si duka moja wala mawili, bali mitaa mizima, kuanzia maduka makubwa ya nguo hadi ya misumari na rangi. Mgeni aweza kutembea nusu saa asikutane ila na mzee na mbwa wake, akadhani pana msiba mkubwa au amri ya kutotoka nje. Kengele za kanisa hulia, kisha kimya. Hatimaye humwuliza mpita njia, naye huelekezwa kwa mwoka mikate, ambaye hufungua kwa saa chache, au kwenye kituo cha petroli, au kwenye kituo kikuu cha gari la moshi, ambako maduka huruhusiwa kuwauzia wasafiri. Huko atapata mkate na maziwa, lakini kwa bei itakayomkumbusha kwamba alilala Jumamosi jioni.

Mambo haya hayakutokea kwa uvivu wa wenye maduka. Ni sheria, tena ya zamani. Mwaka 1900 maduka ya Ujerumani yaliamriwa kufungwa kuanzia saa 3 usiku. Katiba ya mwaka 1919 iliitaja Jumapili kuwa siku ya kupumzika inayolindwa na sheria, na katiba ya mwaka 1949 ikayachukua maneno hayo jinsi yalivyokuwa. Kisha mwaka 1956 Ujerumani ya Magharibi ilitunga sheria iliyowabana wafanya biashara zaidi: siku za kazi mwisho saa 12 na nusu jioni, na Jumamosi saa 8 mchana. Mtu aliyetoka kiwandani jioni alikimbia kama mwenye kufukuzwa. Kamba hiyo imelegezwa kidogo kidogo. Mwaka 1989 ilipatikana Alhamisi ya kufunga saa 2 na nusu usiku. Mwaka 1996 siku za kazi zilifikishwa saa 2 usiku, na Jumamosi saa 10 jioni. Mwaka 2003 Jumamosi nayo ikafikishwa saa 2 usiku. Tangu mwaka 2006 kila jimbo limepewa uwezo wa kujiamulia. Berlin iliruhusu maduka kufunguliwa usiku na mchana siku sita za juma, lakini Bavaria imeshikilia saa 2 usiku. Hata Berlin ilipotaka kufungua maduka Jumapili zote nne za kabla ya Krismasi, makanisa yalishtaki, na mwezi wa Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba hiyo ilikuwa kuivunja siku ya mapumziko.

Wapo Wajerumani wanaonung'unikia sheria hii, wakisema kuwa mtu mzima ajua mwenyewe wakati wa kununua viazi. Hoja yao ina nguvu. Lakini mtu aliyekulia nyuma ya duka huko Kenya atakumbuka mtoto aliyelala juu ya magunia ya unga saa 4 usiku, huku baba yake akisinzia kwenye kaunta akimngojea mnunuzi wa kiberiti. Mtoto huyo hakuna aliyempigia kura. Katika Munich, mwanamke aketiye penye mashine ya fedha ajua kwamba Jumapili watoto wake watamwona, na kwamba duka la jirani halitamnyang'anya wateja kwa siku hiyo, kwa kuwa nalo limefungwa.

Jambo jingine limsumbualo mgeni ni saa yenyewe. Mswahili huhesabu saa zake tangu jua lichomozapo, na katika nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta jua halimdanganyi. Katika Munich hudanganya sana. Mwezi wa Desemba jua huchomoza yapata saa 2 asubuhi na kutua saa 10 na dakika 20 jioni. Mwezi wa Juni hutua saa 3 na robo usiku, na mgeni aonaye mwanga mweupe dirishani husahau kwamba duka limekwisha kufungwa. Tena mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, saa zote husogezwa. Juu ya hayo, Mjerumani asemapo “nusu ya nane” maana yake ni saa moja na nusu, yaani nusu ya kuiendea nane ya Kizungu. Wakenya waliozoea Kiingereza wamekwisha kuchelewa kazini saa nzima kwa neno hilo moja.

Na kimya nacho kina saa zake. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, jirani hutazamiwa asipige kelele, na Jumapili kutwa hairuhusiwi kukata majani kwa mashine wala kutoboa ukuta. Hata chupa tupu hazitupwi katika mapipa ya barabarani siku hiyo, kwa sababu ya mlio wake. Mgeni atakayepuuza haya hatapigwa, atapelekewa barua.

Habari hizi zawahusu wengi. Mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya wafanya kazi, na vijana wa Kenya huenda huko kujifunza uuguzi na kazi nyingine. Muuguzi wa zamu ya jioni hutoka baada ya maduka kufungwa. Asipopanga chakula chake tangu asubuhi, atalala na maji. Wakati wa Pasaka maduka hufungwa Ijumaa Kuu, hufunguliwa Jumamosi, kisha hufungwa siku mbili tena. Na katika mwaka ambao tarehe 27 Desemba ni Jumapili, anayekosa kununua kabla ya saa 8 mchana ya tarehe 24 atangoje siku tatu nzima.

Kijana wa Karatina hujifunza. Baada ya miezi michache utamwona Jumamosi asubuhi na mfuko begani na karatasi mkononi: mikate miwili, mayai, mchele, maziwa, vitunguu. Jumapili hana pa kwenda, kwa hiyo hupika taratibu, na alasiri humpigia mama yake simu. Siku za kazi hawapatani, kwani wakati wa baridi saa 2 usiku ya Munich ni saa 4 ya Karatina, na mama amekwisha kulala. Jumapili huzungumza hata saa nzima, ila mama akiwa na mgeni nyumbani. Hapo humwambia asubiri kidogo, anamtuma mtoto kibandani akalete sukari.