Toa Nakala Kwanza

Mpwa wangu Rehema,

Nimefurahi kusikia umekabidhiwa tovuti ya shule na kwamba unataka kuisimamia kwa amri za WP-CLI, si kwa kubofya-bofya kwenye dashibodi ya WordPress. Umechagua vyema. Mtandao ukisuasua, dashibodi hula bando kwa picha na vitufe, ilhali amri ni maandishi machache tu.

Kuisimika WP-CLI hakuna kazi. Ni faili moja, wp-cli.phar, inayohitaji PHP. Ipakue kwenye seva, ijaribu kwa "php wp-cli.phar --info", ipe ruhusa kwa "chmod +x", kisha ihamishie /usr/local/bin kwa jina la wp.

Ninalotaka ulishike ni hili: amri nyingi, ukishabonyeza Enter, zimepita, hakuna kitufe cha kuzirudisha. Kabla ya kugusa chochote toa nakala ya hifadhidata kwa "wp db export", uiweke nje ya folda inayofikiwa na umma, maana ndani yake mna anwani za barua pepe za watumiaji wote. Hapo ndipo uandike "wp plugin update --all" kusasisha programu-jalizi zote.

Mtakapohamia https utahitaji "wp search-replace" kubadilisha anwani za tovuti. Usithubutu kuzibadilisha kwa SQL tupu. WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na urefu wa kila andiko. Herufi moja ikiongezeka, hesabu inakataa na mipangilio haisomeki. WP-CLI huisahihisha hesabu hiyo. Tanguliza --dry-run, ikuonyeshe itakayoyabadilisha bila kuyagusa.

Ukiingia kama root, mwenye mamlaka yote ya seva, WP-CLI itakataa kufanya kazi na kukutajia --allow-root. Usiitumie, mwanangu. Amri ya wp huamsha pia programu-jalizi zilizowashwa, na moja tu yenye nia mbaya itaishika seva nzima. Ingia kwa akaunti inayomiliki faili za tovuti.

Programu-jalizi ikiiangusha tovuti, izime kwa "wp plugin deactivate" na jina lake, ukiongeza --skip-plugins ili isiamshwe.

Leo hii, kabla ya jambo jingine lolote, toa nakala ya hifadhidata, kisha nijulishe umeiweka wapi.

Mjomba wako