Kupanda Kila Gari la Moshi

Sisi wakazi wa Embulbul, chini ya vilima vya Ngong, zamani tulilifuata gari la moshi mpaka Nairobi. Tangu Oktoba 2019 stesheni ya Ngong imekuwa jirani yetu, nami nikaazimia kupanda kila njia ya reli ichukuayo abiria katika Kenya.

Nalianza na hiyo ya nyumbani. Kupita stesheni, gari huingia katika handaki lililotobolewa chini ya vilima, yapata kilomita 4 na nusu, giza tupu. Hata abiria wenye maneno mengi hunyamaza. Kisha Bonde la Ufa hufunguka mbele yako, na ng'ombe wa Wamasai huonekana wadogo kama siafu.

Zile fupi za Nairobi nalizimaliza upesi. Njia ya Kisumu, iliyofika Ziwani mwaka 1901, huenda polepole. Mwenye haraka asiipande. Ilikaa miaka bila abiria, wakarudishwa 2021, kama wa Nanyuki walivyorudishwa 2020. Lakini gari la usiku la Mombasa, lile la reli nyembamba, lilikoma 2017. Nashukuru nalikuwa nimekwisha kulipanda, na ndilo linaloniharakisha sasa.

Imesalia njia ya Magadi, itokayo Konza na kupita Kajiado kwetu. Ilijengwa kati ya 1911 na 1915, si kwa ajili ya watu bali kwa kubeba magadi. Nimeuliza ni siku gani msafiri aweza kupewa nafasi humo; nangoja jibu.